Mchicha wa Kitambaa Chekundu

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, sogea nikuchotee kidogo, maana leo hatuna nafasi ya kuremba.

Habiba binti Dadi, mzaliwa wa Mbwera, yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Anasomea kilimo cha mjini na uendelevu wa mazingira. Siku alipomweleza baba yake, aliyelima mpunga visiwani maisha yake yote, mzee aliweka jembe chini akacheka mpaka akakohoa.

"Mjini wanalima nini? Lami?"

Kicheko kikazaa ugomvi. Habiba alimwambia kuwa maji ya chumvi yanayala mashamba kila mwaka, na iko siku watu wa Mbwera watahamia Kibiti na Mbagala, wabanane kwenye viwanja visivyotosha hata kaburi, wasijue pa kupanda mboga. Dadi akaapa mbele ya majirani: "Basi jani la bustani yako halipiti kwenye koo hili!"

Tangu siku hiyo baba na mwana hawasemezani.

Bustani yake ya kwanza ililiwa na mbuzi. Ya pili mwenye nyumba aliimwagia kifusi. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho: viroba vya mchicha, safu mbili, uani kwa mjomba wake Abdalah, mjini Kibiti. Msimamizi wake, Dokta Mudathiri, angekuja kesho yake asubuhi kuikagua. Akiukuta mchicha, Habiba anahitimu. Asipoukuta, binti anarudi Mbwera kusikiliza habari za lami.

Tulipoachana, bibi yake, Bi Tatu, mama yake Abdalah na mama wa marehemu mama yake Habiba, alikuwa amekata roho alfajiri. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyempenda binti huyu. Sasa twende.

*

Habiba alikuwa chumba cha ndani, ameshika kata, anawamiminia maji wanawake waliokuwa wakimwosha Bi Tatu.

Hakulia. Machozi yalikataa. Alikuwa akiutazama ule mkono mkavu uliozoea kumfinya shavu asubuhi. "Mke mwenzangu," bibi alikuwa akimwita, "panda majani yako. Wanaonuna watanuna mpaka wachoke."

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mwanamina, mpishi wa misiba yote ya mtaa ule, akachungulia.

"Habiba, baba yako kafika. Boti iliwahi maji, na pale bandarini Nyamisati kapata gari hapo hapo."

Habiba akamgeukia. "Kaniulizia?"

"Kaulizia maji ya kunawa."

Mlango ukafungwa. Habiba akamimina maji.

Punde kicheko kikalipuka uani, kicheko kikubwa cha wanaume na wanawake pamoja. Mwoshaji mkuu akatikisa kichwa.

"Watani washafika. Wafiwa leo mtaisoma namba."

Msiba wa Rufiji bila watani huo ni mkutano wa kijiji. Watani wa ukoo huja kumzomea maiti, hujilaza kwenye jeneza, hukamata kuku wa mfiwa mbele ya macho yake, na mfiwa anatakiwa acheke. Akikasirika, aibu ni yake na ya kizazi chake chote.

Habiba alifikiria viroba vyake. Akaweka kata chini.

"Unakwenda wapi?" mwoshaji akamkazia macho. "Maiti haachwi nusu. Shika kata."

Akaishika. Akajituliza moyoni kwamba wakichukua kidogo, basi watachukua katika safu ya vitambaa vyeupe. Safu ya vitambaa vyekundu hakuna wa kuigusa katika nyumba ile. Hilo alikuwa na hakika nalo, na hakika hiyo ndiyo iliyomponza.

*

Lazima nikwambie habari za vitambaa hivyo.

Utafiti wa Habiba ulikuwa rahisi. Safu moja aliikinga na wadudu kwa majivu na mwarobaini uliotwangwa. Hiyo aliifunga vitambaa vyeupe. Safu ya pili aliipiga dawa ya dukani, ile ya chupa yenye picha ya fuvu, aonyeshe kwamba mwarobaini haushindwi. Safu hiyo aliifunga vitambaa vyekundu, akichana khanga yake kuukuu. Mara ya mwisho kuipiga dawa ilikuwa jana yake alasiri, na mchicha wa namna hiyo hauliwi mpaka wiki mbili zipite.

Alimwambia nani? Hakumwambia mtu.

Angemwambia nani, Salama? Salama, mke wa mjomba, alikuwa akitafuta sababu ya kuiondoa bustani tangu siku ya kwanza. Viroba vilimnyima pa kuanika nguo, viliwaletea mbu, vilimharibia ua. Angesikia kuna sumu, viroba vingelala barabarani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo alipouliza vitambaa vyekundu ni vya nini, Habiba alimjibu kwa mkato.

"Mambo ya chuo, Mama. Ila vyenye chekundu visiguswe."

Jamani! Mtoto wa delta, aliyekulia kwenye ngoma za pepo, anafunga kitambaa chekundu uani kwa watu na kusema kisiguswe, kisha anadhani ameeleweka! Usomi gani huo? Kuanzia siku hiyo Salama hakupita karibu na safu ile. Alijua anachokijua. Na Bi Tatu alipozidiwa na ugonjwa, Salama alikijua zaidi.

Sasa watani walipoingia uani, Salama alimwita kiongozi wao, Hemedy, bonge la mtu mwenye sauti ya adhana.

"Hemedy, ninyi mnarogeka?"

"Na nani? Na ukoo huu?" Hemedy akacheka. "Mtani harogwi na mtani wake. Uchawi wenu kwetu kitoweo."

"Basi nikwambie. Maharage bado magumu na watu washajaa. Ng'oeni majani yote hayo, msibakize hata mche. Anzeni na hivyo vyekundu. Vitambaa vyake fungeni vichwani, mvichezee mpaka viishe nguvu."

Hemedy hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

*

Habiba alipotokea uani, Bi Tatu akiwa tayari ndani ya sanda, aliona udongo.

Viroba vyote vilikuwa vipara. Vingine vimepinduliwa, watani wamevikalia. Huku mafigani sufuria kubwa ya mchicha wa nazi ilikuwa inatokota, na Mwanamina anaigeuza kwa mwiko mrefu.

Alisimama akiwa na maji ya kuoshea maiti bado mikononi. Miezi yote ile. Ndoo alizobeba kutoka kisimani, mwarobaini aliotwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na kesho asubuhi Dokta Mudathiri atashuka kwenye gari na kuuliza, uko wapi?

Hemedy alikuwa amesimama juu ya kinu, kijiti mkononi, anahutubia kwa kumwigiza Habiba.

"Mimi ni profesa wa mchicha! Nimesoma mpaka macho yameingia ndani! Kwetu Mbwera tunakula wali, lakini mimi chuo kimenifundisha kula majani kama mbuzi!"

Ua mzima ukavunjika mbavu.

"Shuka!" Habiba akapiga kelele. "Shuka hapo, mpumbavu wewe!"

Kicheko kikakatika. Watu wakageuka kumtazama.

"Ala!" Hemedy akashika kiuno. "Mfiwa kanuna?"

"Unajua ulichofanya? Mwalimu wangu anakuja kesho! Miaka yangu yote ya chuo umeitia kwenye sufuria!"

"Ikiiva tutakupakulia uimalize."

"Nakwambia shuka, hayawani!"

"Hayawani!" Hemedy akapokea kwa furaha, akawageukia wenzake. "Mmesikia watani? Kanitukana msibani! Faini! Msomi anatozwa faini! Atubebe mgongoni mmoja mmoja mpaka makaburini!"

Wakashangilia. Mwanamke mmoja akamrukia Habiba mgongoni. Habiba akamsukuma, mama wa watu akaanguka kwenye viroba. Hapo utani ukaanza kunuka.

"Mchoyo huyu," mtu alisema.

"Anawanyima wazikaji mboga, na bibi yake bado yuko ndani."

"Elimu imemla akili."

Salama alikuwa ameegemea nguzo ya jiko, mikono kifuani, haongezi neno. Habiba akamwendea mbio.

"Ni wewe! Wewe ndiye uliyewaambia!"

"Ni mimi," Salama akamjibu bila kupepesa. "Nimesafisha nyumba yangu. Unataka kunifunga na mimi kitambaa?"

"Nilikukosea nini?"

"Nenda kamuulize mama mkwe, kama atakujibu."

Wakatukanana. Siyaandiki waliyoambiana, gazeti hili linasomwa na watoto. Itoshe kusema kwamba majibizano yale yalichukua muda, muda ambao Habiba angetoa mkono wake wa kulia arudishiwe. Mtu mmoja alipita nyuma yao na sahani, akaingia ndani. Habiba hakumtazama. Akili yake yote ilikuwa kwa Dokta Mudathiri na cheti cha chuo.

Ndipo Hemedy alipomjia kumbembeleza, maana mtani akishaona damu imechemka hurudi nyuma.

"Haya, mtani, yaishe. Tumekutania tu. Hebu cheka."

Alikuwa ameinama mbele yake. Na pale kichwani, juu ya jasho, amejifunga kitambaa. Chekundu.

Habiba akatazama wengine. Yule mama aliyeanguka, naye chekundu. Kijana mpiga ngoma, chekundu mkononi.



"Hemedy. Mliichuma na safu ya vitambaa hivi?"

"Tulianza nayo."

"Mkaitenga?"

"Tuitenge ya nini? Mchicha ni mchicha. Umo wote humo," akanyoosha kidole kwenye sufuria.

Mwanamina alikuwa ameshaweka mwiko pembeni. Masinia ya wali yalikuwa yamepangwa kwenye jamvi, na alikuwa amechota upawa wa kwanza wa kuwapakulia waliokaa chini ya turubai.

Habiba aliona maneno yatachelewa. Akaruka, akashika mkono wa sufuria ya moto kwa kiganja kitupu, akaipindua.

*

Chakula cha msiba hakimwagwi. Mtu akimwaga maji ya kunywa msibani wazee humwangalia mara mbili. Huyu amemwaga sufuria nzima, mbele ya jeneza lililokuwa linasubiri.

Kwanza mchuzi wa nazi ulitambaa mchangani. Kisha wakamwangukia.

Mmoja alimvuta ushungi. Mwingine alimpiga kofi la mgongo lililomtoa pumzi. "Mwanga!" walipiga kelele. "Mlaaniwa! Mtoeni!" Mjomba Abdalah akapasua kundi, macho mekundu kwa kilio cha mama yake, akamshika mkono ule ule uliobabuka.

"Toka nyumbani kwangu! Toka, usimzike! Wewe si damu ya mama yangu!"

"Mjomba, ina sumu!"

"Nini?"

"Mchicha una sumu! Nimeupiga dawa jana. Safu ile yote, ya vitambaa vyekundu. Hauliwi!"

Mikono iliyomshika ikalegea. Hemedy akakivua kitambaa kichwani polepole, akakitupa.

Salama akajitenga na nguzo yake.

"Sumu gani?"

"Ya wadudu. Ya dukani."

"Ndani ya ua wangu? Wanangu wanacheza hapo!"

"Nilisema visiguswe!"

"Ulisema mambo ya chuo!" Salama akafoka, na safari hii sauti yake ilikuwa na woga ndani yake. "Mambo ya chuo, Habiba! Ungesema sumu, nani angegusa? Mimi nilidhani ni uganga! Nimewapa watu kwa mkono wangu!"

 Kweli tupu. Neno moja lingetosha, naye Habiba alilificha apate kubaki na viroba vyake. Mficha uchi hazai.

"Kumbe!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Kumbe ndicho kilichomuua Bi Tatu!"

"Hapana!" Habiba akageuka. "Bibi alikuwa hali kitu ila uji! Mjomba, wewe mwenyewe ulikuwa unamnywesha!"

Abdalah hakumtetea. Alimtazama tu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na hilo lilimuuma Habiba kuliko kofi.

"Nikimaliza kumzika mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "tutakwenda wote kituoni. Utayasema hayo mbele ya polisi. Sasa nijibuni kitu kimoja. Nani kashakula?"

Wapishi wakatazamana.

"Hakuna," mmoja alisema. "Ndiyo kwanza tulikuwa tunapakua."

"Watoto?"

"Wako kwa jirani, wamekunywa chai."

"Alhamdulillahi," Abdalah akajifuta uso.

Habiba akakaa chini, pale pale kwenye udongo wa viroba vyake. Chuo basi. Bustani basi. Polisi waje. Lakini hakuna aliyekula. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke.

Mwanamina alikuwa bado ameshika upawa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Mwanamina?" Abdalah akamgeukia.

"Sahani ya mkwe," Mwanamina alisema. "Mkwe hasubirishwi. Nilimpakulia mapema, mchicha ulipoiva tu."

"Mkwe yupi?"

"Yupi tena? Si Dadi. Na akatuma aongezwe. Nilimpelekea ya pili hapo walipokuwa wanatukanana."

*

Habiba hakumbuki alivyofika sebuleni.

Dadi alikuwa amekaa peke yake juu ya mkeka, kanzu imekunjwa mapajani. Katika nyumba ya wakweze mkwe hula mbali na watu, kwa heshima. Makelele ya uani aliyasikia, akayachukulia kuwa ni ya watani.

"Baba! Umekula?"

Dadi hakuinua uso. "Mwaka mzima hatujaonana. Salamu yako ndiyo hiyo?"

"Shikamoo. Baba, umekula mchicha?"

"Marahaba. Nimekula."

Sahani ilikuwa mbele yake. Hakukuwa na punje ya wali wala jani. Ameikomba kwa kidole, kama alivyowafundisha wanawe kukomba.

"Waliniletea wali na samaki," Dadi alisema. "Samaki nimewaacha Mbwera. Nikawaambia, nipeni mboga ya bustani ya mwanangu."

"Uliapa, Baba. Uliapa mbele ya watu!"

"Niliapa." Akashusha pumzi. "Ijumaa bibi yako alinipigia simu. Sauti haitoki. Akanambia, 'Mkwe, siku ukija kunizika, ule mboga ya mke mwenzangu. Kama hutokula, usije.' Sasa mie nimkatalie vipi mkwe wangu? Nitasimamaje kaburini kwake? Nikala. Nikaona haitoshi, nikaomba nyingine."

Sasa aliinua uso. Habiba hakuwahi kuyaona macho yale yakiwa na maji. Nyuma ya Habiba, mjomba Abdalah na Salama walikuwa wamefika mlangoni, wamesimama, hakuna aliyethubutu kuingia.

"Mtamu, Habiba. Wallahi mtamu. Nilikuonea, mwanangu. Chumvi imepanda tena mwezi huu, imefika mpaka kwenye dungu langu la kukalia kufukuza ndege. Mpunga wote umekauka. Nimekuja kuzika, na nimekuja kukwambia kwamba weye ndiye uliyesema kweli."

Maneno hayo Habiba aliyangojea mwaka mzima. Alikuwa ameyaota usingizini. Yalipokuja, alikuwa ameshika sahani tupu kwa kiganja kilichobabuka.

Dadi akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Akajipangusa tena. Jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka juu ya nyusi.

"Ila hebu nambie, msomi wangu," alisema, na safari hii neno hilo hakulitia kejeli, "maana weye ndiye uliyeyasomea haya majani. Mbona midomo inanichonyota?"